Tunaogopa maradhi au tunaogopa kujua?

Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Walimkusudia mtu anayewaficha wenzake: anajua kinachomsumbua, ananyamaza kwa haya au kwa kiburi, mpaka siku ya msiba ndipo watu wanaambizana. Mficha maradhi wa zama zetu ni mwingine. Huyu anajificha nafsi yake, na ukimuuliza kwa nini hapimi anakujibu kwa utulivu kabisa, "Nikijua nitakufa kwa mawazo kabla ya ugonjwa wenyewe."

Jibu hili nimelisikia barazani, nimelisikia kwenye daladala, na nimelisikia msikitini kutoka kwa watu wenye elimu zao. Wapo wanaolivisha kanzu kabisa, wakasema wao wamemuachia Mwenyezi Mungu. Basi swali ninalotaka tulitazame, ndugu msomaji, ni hili: je, mtu ana haki ya kutojua? Na kama anayo, inaishia wapi?

Kwanza tuondoe dhana kwamba kazi ya woga ni kumzuia mtu asiende kupima. Wengi wanakwenda, na woga wao wanaingia nao chumbani. Katika msikiti mmoja wa hapa mjini vijana waliweka meza ya kupima presha na sukari bure baada ya Swala ya Ijumaa, nami nikakaa pale karibu saa nzima nikisaidia kuandika majina. Bwana mmoja alijisifu kwamba tangu Jumanne hajatia kitu kitamu mdomoni, "ili sukari ikae vizuri." Mwingine alimeza kidonge chake cha presha asubuhi ile baada ya wiki nzima bila kukigusa. Aliyeulizwa kuhusu sigara alisema ameacha, na pakiti inachungulia mfukoni. Mzee mmoja aliambiwa presha imepanda, akasema mashine mbovu. Akapimwa mara ya pili, ya tatu, na ya nne iliposoma chini kidogo akaridhika, akaondoka na namba hiyo hiyo kama cheti.

Katika saa nzima ile sikumuona hata mmoja aliyeambiwa yuko salama akaomba arudie, asije akawa amekosewa.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Mzee yule alikuwa na hoja, kwani ni kweli presha ya mtu hupanda kwa kuogopa tu, na waganga wanaijua hali hiyo. Ndiyo maana mpimaji makini humkalisha mtu kimya dakika tano, miguu chini, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, bila mazungumzo, kisha hupima zaidi ya mara moja. Ukibaki wasiwasi, ipo mashine ya kuvaa saa 24. Lakini hoja hiyo ya kweli tunaitumia upande mmoja. Jibu baya tunalitafutia kasoro, jibu zuri tunalipokea bila swali. Sisi ambao kila siku tunawahubiria wafanyabiashara juu ya wale wanaopunja vipimo, wakipimiwa hutaka kijae na wakipima wao hupunguza, tunafanya lilelile katika miili yetu wenyewe.

Na mwili haudanganyiki kirahisi. Yule aliyeacha vitamu tangu Jumanne angepelekwa kwenye kile kipimo watu wanachokiita cha sukari ya miezi mitatu, siku zake tatu zisingemfaa. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, na sukari iliyozinasa hubaki humo. Aliyemdanganya ni yule kijana wa kujitolea na kile kimashine cha kuchoma kidole. Ugonjwa, kama upo, ulikuwa palepale.

Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI uliofanyika Tanzania mwaka 2022 na 2023 unatuonyesha gharama yake. Kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, waliojua hali zao walikuwa asilimia 82.7. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Zitazame namba hizo tena. Mtu akishajua, anatumia dawa, na dawa zinafanya kazi. Wanaopotea wanapotea mlangoni, kabla ya kujua. Tena wapimaji katika tafiti za namna hii hawaitegemei kauli peke yake. Damu huangaliwa kama ina dawa za ARV, kwa sababu wapo wanaosema hawajui chochote hali wanameza vidonge kila siku. Woga huo umewafuata mpaka mbele ya mtu aliyeapa kutunza siri.

Sasa tuje kwa anayesema amemuachia Mungu. Kutawakali ni jambo kubwa mno kulifanya pazia la woga. Bedui aliyeuliza kama amuache ngamia wake akategemea, Mtume (s.a.w.) alimuelekeza amfunge kwanza. Na khalifa Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akaletewa habari ya tauni, hakuwaambia waliomletea wanyamaze ili asije akafadhaika. Aliwaita Muhajirina, akawaita Ansari, akawaita wazee wa Makuraishi, akauliza na kusikiliza, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) alipomhoji kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kwamba anatoka kwenye kadari kwenda kwenye kadari. Kujua ilikuwa sehemu ya kutawakali kwake. Anayeziba masikio habari isimfikie hana cha kumkabidhi Mola wake, maana hata hajui anakabidhi nini.

Hata hivyo siwezi kumlaumu mwoga peke yake, na hapa natofautiana na masheikh wanaomkemea mimbarini kana kwamba imani yake ni pungufu. Woga wake umepandwa na nani? Ni sisi. Tuliona posa zikivunjwa na mtaa mzima ukajua sababu kabla ya jua kuzama. Tuliona mtu akikonda kwa vidonda vya tumbo, nasi barazani tukamhukumu kwa maradhi mengine. Mama anayeogopa kupimwa saratani ya shingo ya kizazi, kipimo kinachoweza kufanyika kwa siki na kwa dakika chache, pengine anaogopa zaidi atakavyosimuliwa na majirani kuliko saratani yenyewe. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kutangaza majibu ya mtu, lakini hakuna askari wa kusimama kila baraza.

Kwa hiyo mimi namkubalia mtu haki ya siri, tena naitetea. Ninachomkatalia ni haki ya kuharibu ushahidi pale ambapo mwingine ataujengea maisha yake. Chukua mchumba anayepeleka majibu kwa wazazi wa binti. Au chukua jambo lisilosemwa sana: mtu anayeogopa kuonekana kwenye kituo cha kupima VVU, akaona aende kuchangia damu, kwa kuwa damu ile itapimwa bila yeye kuulizwa kilichomleta. Anajaza fomu, anafika kwenye maswali juu ya mwenendo wake, anajibu hapana, hapana, hapana. Kama aliambukizwa siku chache tu zilizopita, kipimo kinaweza kisione kitu. Ndiyo maana maswali yale yamewekwa. Yanaziba pengo ambalo mashine haiwezi kuliziba. Mfuko wa damu ile unakwenda kwa mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua au mtoto mwenye malaria kali. Hao hawakumkosea lolote.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaopima kila wiki katika kila maabara na hawaamini jibu lolote. Hao wanahitaji kusaidiwa wasiwasi, na ukurasa huu haunitoshi.

Mwezi Julai 2007, pale Mnazi Mmoja, Rais Kikwete alipima VVU hadharani ili kufungua kampeni ya nchi nzima. Ilisaidia, lakini rais si jirani yetu, na hakuna ambaye angemvunjia posa. Ya kwetu ni madogo zaidi. Meza ile ya msikitini iliwekwa ukumbini, kwenye njia ya kutokea, na kijana aliyekuwa anapima alisoma namba kwa sauti ili mimi niandike. Waliokuwa wanavaa viatu walisikia zote. Niliwaambia wahusika kwamba safari ijayo meza iingie chumba cha madrasa, majibu yaandikwe kwenye karatasi na apewe mwenyewe, na mlangoni itundikwe pazia. Wamesema hakuna fungu. Mita nne za kitambaa Kariakoo zinapatikana, nami nimekwishazinunua.