Mtihani na Haki ya Mtoto

Wasomaji wetu wengi ni wazazi, na wengine ni walimu. Twapenda kuwauliza jambo moja: haki ya mtoto katika mtihani ni ipi? Ni kupimwa pasipo upendeleo, au ni kusikilizwa?

Tutoe mfano. Mkulima wa Kang'ata ana magunia 12 ya mahindi. Auza robo tatu. Amebakiwa na magunia mangapi? Mtoto wa kwanza hajui hesabu hiyo, lakini katika herufi tano abahatisha moja, nayo yatokea kuwa ndiyo. Wa pili apata kwamba robo tatu ya 12 ni 9, ila asahau kuwa ameulizwa yaliyobaki, akachagua 9. Wa kwanza apewa alama. Wa pili hapati kitu. Kama wangaliandika njia ya hesabu, mwalimu angalitambua mara moja ni nani ajuaye robo tatu.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuyalaumu maswali ya kuchagua. Yana sababu njema. Mwaka 1913 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walionyesha kwamba karatasi moja ya jiometri, iliyosahihishwa na walimu zaidi ya mia, ilipata alama 28 kwa mmoja na 92 kwa mwingine. Majibu ni yale yale. Kilichobadilika ni jicho la msahihishaji.

Kwetu Tanzania, mwaka 2012 Baraza la Mitihani lilianza kusahihisha kwa mashine mtihani wa Darasa la Saba, uliofanywa na watoto zaidi ya laki nane. Hata hisabati ikawa ya kuchagua herufi. Mashine haimjui mtoto wa tajiri wala wa maskini, na mbele yake mtoto wa Handeni ni sawa na wa Dar es Salaam. Hiyo ni haki, wala hatupendi ipotee. Baadaye maswali machache ya kuandika majibu yalirudishwa, nasi twasema ni vema.

Kwa nini ni vema? Kwanza, mashine haina upendeleo, lakini mtunga maswali ni mwanadamu. Ndiye aliyeamua kipi kiulizwe na kipi kiachwe. Hukumu ya mtu haikuondoka, imehama tu. Pili, kinachoulizwa ndicho kifundishwacho. Mwalimu mwenye darasa kubwa, akijua kwamba mtihani hautaki sentensi hata moja, atashawishika kuwazoeza watoto kubahatisha. Nao kesho wataandika barua, watajitetea barazani, watasoma mapatano ya shamba. Huko hakuna atakayewapa herufi tano wachague.

Basi mashine na ipime yale yenye jibu moja. Lakini pawepo siku zote mahali ambapo mtoto aeleza kwa maneno yake, akasomwa na wasahihishaji wawili wasiojua jina lake. Twajua kazi hiyo ina gharama. Lakini anayepima ana deni kwa anayepimwa, na deni hilo halilipwi kwa kuhesabu tu.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo na karatasi yake, msiishie kumwuliza amepata ngapi. Mwulizeni pia: umejuaje?