Deni la Machimbo na Mbegu za Mahali

Ardhi inapochimbwa hadi ikabaki mwamba mtupu, huzuka swali la kimaadili linalotangulia maswali yote ya kitaalamu, nalo ni hili: aliyechimba anadaiwa nini, na deni hilo hulipwaje? Fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, inamtaka aliyeharibu mali ya mwenziwe arudishe mfano wake, yaani kitu cha jinsi ile ile, na thamani hulipwa pale mfano usipokuwapo. Kwa kuwa mwanadamu ni khalifa, msimamizi aliyekabidhiwa ardhi kama amana, ni haki kanuni hiyo imfikie hata mchimbaji mwenye hati ya kumiliki.

Machimbo ya chokaa ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, ambayo yametoa malighafi ya saruji tangu miaka ya 1950, yanaonyesha tofauti iliyopo kati ya mfano na badala yake. Mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda miti humo mwaka 1971, uliostawi zaidi ni mvinje, kwa sababu mizizi yake huishi pamoja na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Majani yake magumu yaliliwa na majongoo walioletwa kwa makusudi, na kinyesi chao kikasaidia kufanyiza mboji, yaani udongo mweusi wenye rutuba. Hata hivyo, mvinje una asili ya Asia ya Kusini-mashariki na Australia, kwa hiyo uliandaa malipo bila ya kuwa malipo yenyewe, ambayo yalianza pale miti ya asili ya pwani ilipopandwa kwenye udongo huo mpya.

Mwanafalsafa Robert Elliot alidai mwaka 1982 kwamba mazingira yaliyotengenezwa upya ni kama mchoro wa kughushi, kwani thamani ya maumbile hutokana na historia yao isiyokatika. Hoja hiyo ni nzito, na inatosha kumnyima mchimbaji kisingizio cha kuharibu kwa ahadi ya kutengeneza; lakini haizingatii kwamba mche wa mbambakofi uliooteshwa kwa mbegu ya msitu wa jirani ni uzao halisi wa mahali pale, unaoendeleza historia iliyokuwa karibu kukatika. Mbegu za namna hiyo hupatikana tu palipo na msitu uliosalimika, kama vile kaya za Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyohifadhiwa kwa miiko ya wazee na ambayo baadhi yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Kwa hiyo wajibu wa kurejesha hauanzi machimbo yanapofungwa, bali kabla ya jembe la kwanza: mbegu zikusanywe, miche ioteshwe, na msitu wa jirani uachwe salama. Kibali cha kuchimba kisichoyadai hayo kinaruhusu kukopa kisichoweza kulipwa, na kukopa kwa namna hiyo ni kuihini amana.