Jirani Yangu wa Chini ya Mto

Vijana wenzangu, leo tuongee kuhusu vinyungu.

Kwa asiyetoka kwetu Njombe: kinyungu ni bustani ya bondeni, inalimwa kiangazi pale penye unyevu, kando ya kijito. Bibi yangu alikuwa nacho, na ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Ndiyo maana mtu akisema wakulima wa vinyungu ni waharibifu tu, roho inaniuma.

Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ina sababu. Ukingo ukilimwa ovyo, mvua inashusha udongo mtoni. Ukipandwa milingoti, inakunywa maji mengi. Dawa ya viazi nayo inaishia humo humo. Maji ya Ruhuji yanakwenda Kilombero, kisha Rufiji, hadi baharini. Anayeyachota huko chini simjui, naye hanijui.

Msamaria wa Luka 10 alimwona majeruhi kwa macho yake. Jirani yetu wa chini ya mto hatumwoni, na dhambi ambayo humwoni uliyemkosea ni rahisi sana kuizoea.

Sasa nani atangulie: bibi anayetafuta chakula, au huyo anayetafuta maji? Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba maji safi ni haki ya msingi ya kila mtu. Humo humo alitutaka tusikie kilio cha dunia pamoja na kilio cha maskini. Kumfukuza bibi bondeni bila kumpa njia nyingine ni kusikia kilio kimoja tu.

Mimi naona Kitubio kinatufundisha kitu hapa. Tunaanza kwa kutafiti dhamiri. Kijito nacho kitafitiwe kabla ya kumlaumu mtu. Wataalamu wetu wana kipimo kiitwacho TARISS, kinachosoma afya ya mto kwa wadudu wanaoishi majini: maji yakichafuka, walio dhaifu hutoweka kwanza. Pengine tatizo si kinyungu, ni takataka zetu sisi wa mjini. Rafiki yangu wa Makambako, ambako ni pakavu kuliko kwetu, huwa ananiambia: "Nyie mna mto mnautupia chupa, sisi tunahesabu ndoo!"

Halafu, kwenye Kitubio huungami dhambi za jirani. Kwenye mkutano wa kijito pia kila mmoja aje na zake: mwenye kinyungu, mwenye shamba la viazi, na mimi mwenye chupa.

Mwisho kuna malipizi: kuondoa milingoti ukingoni, kupanda miti ya asili, kuacha matete yarudi. Bibi hakuwahi kufyeka matete yaliyo kando ya maji. Nilidhani kachoka. Nilipomuuliza alisema yanazuia udongo usibebwe. Kumbe alijua siku zote, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi Jumamosi hii, wewe na wenzako wa Jumuiya, tembeeni kando ya kijito chenu. Bebeni mfuko wa taka, na mwulizeni mzee mmoja. Mungu awabariki.