Habari ya Aliyepata

Asubuhi hii, kuanzia Nyarugusu mkoani Geita hadi Kahama mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo wanashuka kwa kamba kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Juu, karasha zinasaga mawe.

Juni 2020, nchi nzima ilimsikia Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mirerani aliyeiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Rais Magufuli akampigia simu hadharani. Wangapi walichimba mwaka huohuo wakaambulia vumbi? Hao hakuna redio iliyowatangaza.

Hapo ndipo akili huteleza. Mwaka 1973, Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza kwamba mtu hukadiria uwezekano wa jambo kwa wepesi wa kukumbuka mifano yake. Habari ya tajiri mpya huja upesi. Ya duara lisilotoa kitu haina msimuliaji.

Mfadhili wa duara huongeza kosa la pili. Akishamwaga fedha kwenye magogo ya kuegemeza kuta, chakula na dizeli, hushindwa kuacha, ingawa fedha hiyo imeshakwenda, achimbe asichimbe. Kilichobaki kupimwa ni cha mbele: mwamba wa leo unaonyesha nini, na mita inayofuata itagharimu shilingi ngapi?