Mwenye Haki na Mnyama



Akina mama wa Kariakoo huwapeleka watoto wao kupewa matone ya kuwakinga na polio. Watoto hutembea, nasi twamshukuru Mungu. Lakini ni nani akumbukaye kwamba chanjo za kwanza, tangu ile ya Salk ya mwaka 1955, zilioteshwa katika chembe hai za mafigo ya kima? Maelfu kwa maelfu waliuawa, wala hawakuwa na kinywa cha kujitetea.

Mtasema, mtoto ni bora kuliko kima. Ni kweli. Walakini Mithali 12:10 yaonyesha kwamba haki ya mtu hujulikana hata kwa mnyama wake. Tulipewa uwakili, hatukupewa ruhusa ya ukatili.

Mwaka 1962, huko Japani, zilitwaliwa chembe za figo la tumbili mmoja wa Afrika. Zaongezeka hata leo, na chanjo nyingi hufanyizwa kwazo pasipo kuua mwingine.

Basi, ewe kijana wetu wa chuo kikuu, kabla ya kumshika mnyama kwa uchunguzi, jiulize: Je, hakuna njia nyingine? Na kama hakuna, nimempunguzia maumivu? Muumba wake akuona. Amin.