Mawe ya Yordani na Vitambaa vya Marehemu



Someni Yoshua sura ya 4. Israeli walipovuka Yordani, ukumbusho haukuachiwa makuhani. Watu 12, mmoja kwa kila kabila, walibeba mawe begani, ili watoto wakiuliza wapate jibu.

Huko San Francisco, Marekani, sida ilipoua wengi, nyumba nyingine za mazishi zilikataa maiti, na jamaa wengine waliona haya kutaja majina. Mwaka 1987 Cleve Jones na wenzake wakaanza kushona: kila marehemu kitambaa chake, futi 6 kwa 3, kipimo cha kaburi. Wazazi, rafiki na jirani walishona humo mashati na picha za wapendwa wao. Si wote walikuwa mafundi; mishono ikipinda, ni ya nani kucheka? Tarehe 11 Oktoba 1987 vitambaa 1,920 vilitandazwa Washington, na majina yakasomwa kwa sauti. Leo ni karibu 50,000.

Na sisi? Tunasema, "Alikufa kwa homa," ao tunamshitaki bibi mzee kuwa mchawi. Mjane anafukuzwa nyumbani, na jina la mumewe halitajwi tena hata katika maombi. Mtoto wake akiuliza, nani atamjibu?

Wamama wenye cherehani, wababa mliofiwa, leteni kipande cha kikwembe ao shati la marehemu wenu. Asiyejua kushona ataandika jina. Na yule mjane aketi mbele, ashone wa kwanza.