Yai Mlangoni (Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14)



Juzi baada ya tarawehe ndugu mmoja alinisubiri nje ya msikiti na mfuko mweusi mkononi. Ndani yake mlikuwa na yai lililozungushiwa uzi mwekundu, sindano imechomekwa kwenye uzi. Kaliokota mlangoni kwake alfajiri, akitoka kuswali. Nikamuuliza, "Sasa unataka nini?" Akasema, "Shekhe, mimi ninayemjua aliyeweka." Akamtaja. Ni mama yake mkubwa.

Nikamuuliza, "Umemwona?" Akasema hapana. "Kuna aliyemwona?" Hapana. "Basi umejuaje?" Akanyamaza.

Jamani, tuzungumze ukweli leo. Huku kwetu Likunja vitu vya nyumbani tumevigeuza vya kutisha. Yai ni mboga, lakini likikutwa njia panda, watu wanazunguka porini. Chumvi, kipande cha chungu, nywele zilizonyolewa, kucha zilizokatwa, ufagio uliosahaulika nje usiku, yote tunayasoma kama barua kutoka kwa adui. Bundi akilia juu ya mkorosho, asubuhi tunaulizana nani kafiwa.

Sisemi uchawi haupo. Qur'ani imeutaja, na katika Suratul Falaq tunajikinga na wanaopuliza mafundoni. Lakini Suratul Baqara, aya ya 102, inatufundisha kuwa wachawi hawawezi kumdhuru yeyote ila kwa idhini ya Allah. Yai halina idhini yake lenyewe. Sindano pia haina.

Tena Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alifanyiwa. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Mtu aitwaye Labid bin al-A'sam alitumia vitu gani? Kitana, nywele zilizonasa kwenye kitana, na karara la mtende dume. Vitu vya kila nyumba ya Madina. Akavitia kwenye kisima cha Dharwan. Allah akamjulisha Mtume wake kila kitu: mtu, vifaa, na mahali.

Sasa sikiliza alichofanya. Bibi Aisha alipomuuliza habari ya vile vitu, alijibu kwa maana hii: Allah ameshamponya, na hapendi kuwachochea watu shari. Akaamuru kisima kifukiwe. Basi, yakaisha.

Ndugu yangu, yeye alijua kwa wahyi, akanyamaza. Wewe umejua kwa dhana, unatangaza hadi kijiweni!

Nami nina deni katika jambo hili. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ungo mkongwe, akiutundika nyuma ya mlango. Alikuwa akipepetea mtama. Alipofiwa na wajukuu wawili kwa mwaka mmoja, watu wakauona ungo ule, wakasema ndio chombo chake cha kurukia usiku. Sisi watoto tulikatazwa kula kwake. Nilikuwa nikipita njiani, ananiita, nami nakimbia hata shikamoo sijampa. Alifariki nikiwa madrasa, mbali na nyumbani. Niliporudi, ungo ulikuwa bado pale ukutani, na pumba za mtama zimeganda kwenye ukingo wake. Sikuwahi kumwomba radhi.

Na wengine yamewafika makubwa kuliko ya bibi yangu. Kule Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa panga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka na miaka. Inaanza hivihivi, kwa kitu kidogo na jina kutajwa.

Wala tusijidanganye kwamba suluhisho ni kwa mganga. Yeye naye atakuomba kuku mweusi, kitambaa chekundu, na yai! Ni vitu vilevile, ila hivi umevilipia. Na Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake ya siku 40 haikubaliwi. Ramadhani hii unashinda na njaa, halafu unakwenda kuimwaga kwa mpiga ramli?

Basi ukikuta kitu mlangoni, fanya hivi:

1. Sema Bismillah, soma Ayatul Kursiy, Ikhlas, Falaq na Nas.
2. Kiokote, kifukie au kichome. Usikipige picha ukairusha kwenye magrupu.
3. Usitaje jina la mtu. Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana.
4. Ukiumwa, jisomee, na hospitali nenda.

Yule ndugu tulilifukia lile yai pamoja, nyuma ya msikiti. Kisha nikamwomba kitu kimoja: jana magharibi ampelekee mama yake mkubwa futari. Asubuhi hii amenipigia. Amepeleka mihogo ya nazi na uji. Anasema mama alishika bakuli, akakaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, nilikukosea nini miezi yote hii?"

Leo kabla ya adhana ya magharibi, mkumbuke yule uliyemtilia shaka. Kama yu hai, nenda. Mimi wangu nimebaki kumwombea dua tu.

Ewe Allah, zitakase nyoyo zetu na dhana mbaya, utulinde na shari ya kila mwenye shari, na uwarehemu wazee wetu tuliowadhulumu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.